Digrii ya Mheshimiwa

Kwetu kuna mama anayeuza mboga karibu na stendi ya boda boda. Alifika darasa la saba, karo ikaisha, ikaamuliwa kaka zake ndio waendelee. Mwaka wa 2022 aliwania kiti cha MCA wa wadi yetu. Kwenye mkutano wa wagombea, kijana mmoja alimuuliza kwa Kiingereza swali kuhusu bajeti ya kaunti. Mama akajaribu kujibu kwa Kiingereza, akakwama, akatamka neno ambalo halipo duniani. Watu wakaangua kicheko. Mimi pia nilicheka, na huku najua fika kwamba huyo mama amekuwa mweka hazina wa chama cha mamangu miaka kumi na moja na hakuna hata shilingi iliyowahi kupotea.

Siku ya kura nilimchagua mwanamume mwenye digrii. Hakushinda yeye, wala mama mboga. Alishinda wa tatu, aliyegawa fulana nyingi kuliko wote. Lakini matokeo hayajanitoa kwenye lawama. Nilimpima mtu ninayemjua kwa karatasi asiyo nayo, nikaona nimefanya jambo la busara.

Nchi yetu nayo imelizungukia swali hili bila kulimaliza. Katiba ya zamani ilimtaka mbunge ajue kuzungumza na kusoma Kiswahili na Kiingereza kiasi cha kushiriki shughuli za Bunge. Leo Sheria ya Uchaguzi ya 2011 inamtaka rais na gavana wawe na digrii. Bunge lilipotaka kuwabana wabunge na MCA vivyo hivyo, Mahakama Kuu iliyaondoa masharti hayo, ya MCA mwaka wa 2021 na ya wabunge mwaka wa 2022. Mabishano kwenye matatu hayakuisha. “Kwani hata askari wa gate anaitishwa cheti, sembuse mheshimiwa?”

Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Mgiriki Plato aliitoa zamani kwa mfano wa jahazi: utamkabidhi usukani nani, aliyesomea bahari au anayependwa na mabaharia? Na kweli, MCA hupitisha bajeti. Asiyeweza kusoma jedwali la matumizi atapitisha asichokielewa, au atasomewa na karani anayeamua cha kumsomea. Tusijidanganye kwamba kutojua ni aina fulani ya uadilifu. Kuna watu wanaojisifia kutosoma kana kwamba shule ndiyo inayofundisha wizi.

Ila mfano wa jahazi una pengo. Nahodha anajua jinsi ya kufika, lakini ni nani anayesema twende wapi? Hilo ni la abiria. Aristotle, mwanafunzi wa Plato mwenyewe, alisema anayeishi ndani ya nyumba huijua vizuri kuliko fundi aliyeijenga. Wahenga wetu walimaliza maneno: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwakilishi hatumwi kwanza kwa ujuzi wake. Anatumwa apeleke habari za kunguni. Wataalamu wapo, wameajiriwa, wanalipwa. Wahasibu, wahandisi na mawakili wa kaunti wote wana vyeti. Kinachokosekana mara nyingi mle ndani ni mtu anayejua maji yakikatika asubuhi nani hulala njaa.

Tena fikiria Tom Mboya. Alisomea ukaguzi wa afya, baadaye akakaa mwaka mmoja Ruskin College, Oxford. Digrii hakuwa nayo. Ndiye aliyehangaika hadi mwaka wa 1959 ndege ya kwanza ikawapeleka wanafunzi 81 Marekani kutafuta hizo hizo digrii. Mwaka uliofuata, kupitia mpango huo, akaenda Wangari Maathai, aliyerudi nyumbani na baadaye akapata uzamifu. Asiye na karatasi alijua thamani ya elimu hata akawatafutia wengine. Na mwenye karatasi? Maathai alipoanza kupanda miti na akina mama wa vijijini, maafisa wa misitu walidai hiyo ni kazi ya waliosomea. Akina mama wakapanda, miti ikashika.

Upande wa pili kuna Goldenberg. Miaka ya 1990 serikali yetu ililipa mabilioni kwa ajili ya dhahabu na almasi zilizodaiwa kuuzwa nje, na almasi Kenya hatuna. Hizo fomu hazikupitishwa na watu wa darasa la saba. Zilipita mikononi mwa wasomi waliojua kabisa wanachosoma.

Sasa tuseme cheti hakina maana? La. Kina maana pale mtu anapodai anacho. Anayeghushi cheti ametueleza jambo zito kuliko yule asiye nacho, kwani amejua sharti tunaloliheshimu na akaamua kutudanganya papo hapo. Mama mboga alipoulizwa kiwango chake cha elimu alisema “la saba” mbele ya umati. Kwenye mkutano ule wote, sikusikia jibu jingine lililonyooka namna hiyo.

Jambo linaloniuma zaidi ni kwamba hatukuwa tukipima elimu yake hata kidogo. Tulikuwa tunapima Kiingereza. Katiba ya 2010 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi, na Bungeni kinaruhusiwa sawa na Kiingereza. Lile swali la bajeti lingeulizwa kwa Kiswahili, angelijibu. Nimemwona akigawa faida ya chama kwa wanachama ishirini na watatu, kila mtu na akiba yake tofauti, bila kikokotoo. Na hata shule yenyewe, hakuikataa. Ilimkataa. Kumdai leo karatasi aliyonyimwa jana ni kumwadhibu mara mbili kwa kosa ambalo hakulifanya.

Kwa hiyo nikifika 2027 nitauliza mengine. Umewahi kushika pesa za watu, na waliokupa wanasemaje? Usichokielewa unamwuliza nani? Ukikosea, unakubali? Mwenye digrii anaweza kuyajibu vizuri, na akiyajibu nitampa kura bila kinyongo.

Juzi nilinunua sukuma kwake. Nilitaka kumwambia kuhusu kile kicheko, maneno yakanikwama kooni. Akanipa chenji, kamili, akaniuliza mama anaendeleaje.