Vyumba Sita vya Bi Mkubwa

Chukua mfano wa nyumba ya wageni yenye vyumba sita, Jambiani, kusini mashariki ya Unguja. Mwenyewe mjane, mtaa mzima ukimwita Bi Mkubwa. Alianza na vyumba viwili, akaongeza kimoja kimoja kila msimu ulipomwachia chochote.

Samaki alinunua kwa wavuvi wa ngalawa, pweza kwa wanawake waliokwenda pwani maji yakitoka. Makuti ya paa waliyasuka majirani ambao kilimo cha mwani peke yake hakikuwatosha. Kijana wa kijijini aliwapeleka wageni Jozani kuwaona kima punju. Ukihesabu walioajiriwa, ni wanne tu. Ukihesabu waliokuwa wakipata riziki kwa mlango ule, utachoka, na hapo ndipo wengi hukosea wanapozipima biashara hizi kwa idadi ya vitanda. Masika wageni wakipotea, Bi Mkubwa hakumwachisha mtu kazi; waliezeka upya na kupaka chokaa. Mwaka 2020, UVIKO-19 ilipokata safari za ndege, alifanya vivyo hivyo.

Lakini hakuandika kitu. Leseni ilikuwa kwa jina lake, fedha za wageni na za jikoni kwake zilikaa mkoba mmoja, na mwanawe aliyeiendesha nyumba hakuwa na mshahara wala mkataba. Akishauriwa, alijibu: "Wanangu ni wamoja, mwanangu. Hawatogombana."

Wala hawakugombana. Alipofariki, warithi saba, wengine wakiwa Muscat, walidai mafungu yao, na ni haki yao. Aliyekuwa akiiendesha hakuwa na fedha za kuwalipa wenziwe. Nyumba ikakodishwa kwa mwekezaji kwa miaka mingi. Samaki sasa huja na gari kutoka mjini, na meneja amekuja na watu wake. Hakuna sheria iliyovunjwa. Wale wanne wamo majumbani mwao.

Ewe mwenye nyumba kama hii, usitegemee wosia: kwa Muislamu hauvuki theluthi ya mali, wala haumwongezei mrithi ila wenziwe wakiridhia. Sajili kampuni ungali hai, uwape wanao hisa zao mkononi. Andika nani anaiendesha na analipwa nini, na wafanyakazi wapate mikataba. Waite wanao mwezi huu, walio mbali wapigie simu, na sheha awe shahidi.