Dhahabu kwa Dhahabu: Juu ya Kubadilisha Mapambo kwa Sonara

Bismillahi Rahmani Rahim.

Shukrani ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, enyi ndugu wa Kivinje na wa pwani yote hata Lindi, jueni ya kuwa watu wa nchi hii si wageni wa dhahabu wala wa mizani. Dhahabu ya Sofala ilipita Kilwa Kisiwani, na Ibn Battuta alipofika huko mwaka 1331 aliwasifu watu wake kwa dini, akaandika ya kuwa ni Mashafi. Haifai basi mjukuu wa watu hao kuingia duka la sonara asijue la halali wala la haramu.

Pambo la mwanamume maelezo yake ni mafupi. Pete ya dhahabu ni haramu kwake, ijapokuwa nyembamba kama uzi. Pete ya fedha ni suna. Mtume alikuwa nayo, nayo ndiyo iliyotumbukia katika kisima cha Arisi zamani za Sayyidna Uthman. Atakaye pete ya peke yake na atie jiwe la akiki, yamtosha.

Mwanamke amehalalishiwa mkufu, kidani, bangili, vipuli na furungu, maadamu hakuvuka mpaka. Imamu Nawawi katika Minhaji amepiga mfano wa israfu kwa furungu yenye uzani wa mithkali 200. Na pambo lake la halali halina zaka katika madhehebu ya Shafi. Lakini mume aliyenunua dhahabu kuwa akiba, akaifungia sandukuni na kuiita pambo la mke ili aikimbie zaka, huyo hakumdanganya mtu ila nafsi yake: ikitimia mithkali 20, nazo ni kama gramu 85, na mwaka ukapita, robo ya ushuri ni wajibu.

Lililo zito ni hili. Mitindo hugeuka, mke huchoka na bangili ya harusi, huitaka ile aliyoiona kwa jirani. Mume huichukua ile kuukuu kwa sonara, hupimwa, naye hupewa mpya iliyo nyepesi kuliko ile, au iliyo sawa nayo kwa kuongeza shilingi za ufundi. Wote wawili huagana kwa radhi, nao wameingia katika riba. Kwani Mtume ameamrisha dhahabu kwa dhahabu iwe sawa kwa sawa, mkono kwa mkono, na uzuri wa nakshi hauhesabiwi katika uzani. Bilal alipomletea tende nzuri, alizozipata kwa kutoa pishi mbili za tende mbaya kwa pishi moja, Mtume alisikitika, akamwambia hiyo ndiyo riba yenyewe. Kisha akamwelekeza auze zile mbaya kwanza, na kwa thamani yake anunue nzuri.

Njia ni hiyo hiyo. Bangili kuukuu iuzwe kwa shilingi, zipokewe mkononi, kisha mpya inunuliwe kwa shilingi zilipwazo papo hapo pasipo deni. Kwa kuwa wanavyuoni wa Majmaa ya Fiqhi waliokutana Amman mwaka 1986 waliipa noti hukumu ya dhahabu na fedha. Wala mume asiiuze pasipo idhini ya mke, ikiwa ni mahari yake.

Na atakaye kitu kisichoonekana mkononi mwa mwingine, iko njia ya wazee: dhahabu yake mwenyewe iyeyushwe, ifuliwe kwa namna aitakayo, na sonara apewe ujira uliopatanwa. Hivyo ndivyo walivyofuliwa watu wa pwani kekee na furungu kwa reale za fedha za Maria Theresa. Hapo hapana mauzo, ni ijara tu. Walakini dhahabu iwe ile ile, isichanganywe na ya dukani.

Kidani chenye vito kina hukumu yake. Fadhala bin Ubaid siku ya Khaibar alinunua kwa dinari 12 kidani cha dhahabu na shanga. Alipokitenganisha akaona dhahabu yake imepita dinari 12, na Mtume akakataza kuuzwa mpaka kitenganishwe. Basi cha namna hiyo kisibadilishwe kwa dhahabu kamwe, kiuzwe kwa shilingi.

Wala hapana ubaya kumwuzia sonara yule yule na kununua kwake, maadamu halikutiwa sharti katika akdi. Na mtu akiiona bei yake ghali, ana hiari kuchukua shilingi zake na kutoka dukani.