Mwombaji Mwenye Mvi

Ufadhili wa Serikali ya China kwa masomo ya udaktari unamtaka mwombaji awe chini ya miaka 40. Ule wa Serikali ya Japani unafunga mlango mapema zaidi, chini ya 35. Wajerumani, kupitia shirika lao la ufadhili wa masomo, DAAD, hawaulizi sana ulizaliwa lini, ila kwa kawaida wanataka shahada yako ya mwisho isiwe imezidi miaka sita tangu uipate. Nimeyasoma masharti haya nikiwa Kasulu, mkoani Kigoma, miwani puani, na kote nimekuta nimeshapitwa. Mwenye umri unaotakiwa ni binti yangu wa kwanza, ambaye ndiyo kwanza yuko mwaka wa pili chuoni.

Siwalaumu. Mwenye fedha zake ana haki ya kumtafuta mtu atakayeitumia elimu hiyo kwa miaka thelathini. Lakini ndani ya masharti hayo kuna dhana kwamba mtu mwenye bidii hufika kwenye PhD akiwa kijana, na aliyechelewa alikuwa amelala. Mwenye dhana hiyo hajui namna watu wa Kibondo na Kasulu wanavyosoma.

Huku kwetu ngazi ya elimu hupandwa kidogo kidogo, na kila unapopanda unakaa kwanza, unawavuta wengine. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ulipoanza mwaka 2002, watoto walijaa madarasani na Serikali ikahitaji walimu haraka. Mafunzo yakawa mwaka mmoja chuoni na mwaka mmoja kazini. Wengi wetu tuliingia darasani na cheti cha kidato cha nne na hayo mafunzo tu. Baada ya hapo ni kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea, kisha shahada ya Chuo Kikuu Huria, chuo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu wasioweza kuacha kazi na watoto wakaenda kukaa bwenini. Barabara ya kwenda Kigoma mjini ilikuwa ya vumbi kiangazi na ya tope masika. Umeme wa majenereta ya dizeli ulikuwa wa kuvizia. Ada ilitoka kwenye maharage, na maharage yakikataa, muhula unaahirishwa. Katikati ya hayo ukajifungua, ukauguza mkwe, ukasomesha wadogo wa mume. Shahada ya uzamili ikaja na mvi. Sijui hapo ni lini tulilala.

Shemeji yangu, ambaye hafichi neno, aliniuliza, "Shemeji, huo udaktari utautumia lini?" Swali lake ni halali. Mtumishi wa umma anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akiwa na 60. PhD ni miaka mitatu kwa anayesoma muda wote, na zaidi kwa anayesoma huku anafundisha. Ukipiga hesabu ya cheo na mshahara, shemeji ameshinda.

Ila hesabu hiyo inaufanya udaktari kuwa jina la kuitwa ukumbini. Kama ni jina, basi nimechelewa kweli, na afadhali fedha hizo zimsomeshe binti. Mimi nadhani udaktari ni swali ambalo mtu ameshindwa kuliacha, na maswali mengine hayapatikani mpaka umeishi muda wa kutosha.

Nitaeleza langu. Nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi baada ya Rais Ndadaye kuuawa Burundi, Oktoba 1993, watu walipoanza kuvuka mpaka kwa maelfu. Mwaka 1996 wakaja Wakongo, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa huku Kasulu. Mashirika yakaja na magari yao, yakaajiri. Mwalimu wetu wa hisabati akaondoka kwenda kufanya kazi kambini, na hatukupata mwingine kwa muda mrefu. Baadaye kambi zikaanza kufungwa. Mtabila ilifungwa mwishoni mwa 2012. Mwaka 2015 Warundi wakaja tena, Nduta kule Kibondo ikafunguliwa upya, na safari hii mimi nilikuwa upande wa pili wa meza, katika ofisi ya walimu, nikiwaona wenzangu wakiaga. Wapo waliorudi mikataba ilipokwisha. Wengine walirudi na ujuzi ambao shule haikuwa nao kabla.

Shule ya kijiji jirani na kambi inapoteza nini, na inapata nini, wakimbizi wanapokuja na wanapoondoka? Mtafiti kijana anaweza kuja akakuta wimbi moja, akalipima vizuri sana. Mimi nimeyaishi mawili, pamoja na ukimya wa katikati. Miaka ambayo fomu ya ufadhili inaihesabu kuwa pengo ndiyo iliyonipa swali.

Na watafiti wamekuja. Beth Whitaker, Mmarekani, alipita katika vijiji vya wilaya za magharibi mwa Tanzania, Kibondo na Kasulu zikiwemo, akaandika tasnifu yake ya udaktari mwaka 1999. Loren Landau aliilinganisha Kasulu na Mpwapwa, wilaya isiyokuwa na wakimbizi, na kitabu chake kikatoka mwaka 2008. Kazi zao ni nzuri, na nitazinukuu. Lakini aliyewatafsiria wageni Kiha, aliyewapeleka kwa mwenyekiti wa kijiji, aliyejua ni nyumba ipi itasema kweli, huyo naye alikuwa anafanya utafiti. Alichokosa ni mbinu, maktaba na jina kwenye jalada.

Kuja na swali lililokomaa baada ya kazi ya miaka hakukuanza na sisi. Euphrase Kezilahabi alipata udaktari wake katika Chuo Kikuu cha Wisconsin mwaka 1985, akiwa na miaka 41. Alikuwa ameshatoa riwaya nne na diwani ya Kichomi. Alikwenda kuandika juu ya falsafa ya Kiafrika na namna fasihi inavyofasiriwa, na sidhani kama mtu ambaye hajawahi kuandika angeliuliza swali lile kwa namna ile. Karibu zaidi na sisi, Philip Mpango, aliyezaliwa mwaka 1957 katika Buhigwe ya leo, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Kasulu, alihitimu PhD ya uchumi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996, akikaribia miaka 40.

Umri, hata hivyo, una ugonjwa wake. Sisi wakubwa tumezoea kusema "nimeona kwa macho yangu" na mjadala ukaisha. Chuoni hapo ndipo unapoanza. Nilipompelekea mhadhiri mmoja andiko langu la awali, kijana ambaye ningeweza kuwa nimemfundisha darasa la nne, alisimama akasema, "Shikamoo, mama." Nikaitikia marahaba. Kisha akakaa, akalipitia andiko kwa wino mwekundu. Karibu na kila sentensi ya "inajulikana kuwa" aliandika: na nani? Alikuwa sahihi. Nilikuwa nimeandika kumbukumbu nikaiita ushahidi. Mwalimu wetu wa hisabati aliondoka, ndiyo. Lakini waliondoka wangapi, kutoka shule zipi, na matokeo ya darasa la saba yalisemaje? Majibu yako kwenye majalada ya halmashauri na vitabu vya kumbukumbu za shule. Kumkubali msimamizi ambaye bado anakuamkia ni sehemu ya mtihani, na hakuna fomu inayoutaja.

Kwa hiyo kwa mwenzangu wa Kakonko, Kibondo au Buhigwe anayefikiria kuomba, haya ndiyo niliyoyapata. Tafuta mapema waliokusimamia uzamili, kwa sababu chuo kitataka barua za wadhamini wa kitaaluma, na walimu wetu wanastaafu, wengine wanatangulia mbele za haki. Barua ya ruhusa ipitie kwa mkuu wa shule na ofisi ya elimu hadi kwa mkurugenzi kabla hujaahidi chuo chochote. Fedha zizungumzwe nyumbani waziwazi, maana ada yako na ada ya mtoto zinatoka mfuko mmoja. Na katika andiko lako usianze kwa kuomba radhi kwa umri. Anza na swali, halafu onyesha kwamba miaka yako kazini ndiyo iliyolizaa.

Shemeji nimemjibu hivi: nitautumia kabla ya kuupata. Kila shule nitakayokwenda kuhesabu walimu wake nitairudishia hesabu hiyo, na matokeo yatasomwa kwa Kiswahili katika mkutano wa kijiji cha Makere, jirani na Nyarugusu, mbele ya wazazi ambao watoto wao walikosa mwalimu wa hisabati. Wao wakisema nimekosea, nitasahihisha kabla ya kuwapelekea watahini. Shemeji amesema atakuja kusikiliza, ila ada hachangii.