Kijana Aliyenyamaza Mbele ya Wakubwa

Kijana hutoka mbele ya walimu waliomhoji ili aingie skuli, akarejea nyumbani na huzuni. Chakula hakimpiti kooni. Usiku kucha huyarudia majibu yake, na lile alilolikosa humjia wazi akiwa kitandani. Hapo hujiambia kuwa yeye ni mjinga, na elimu si fungu lake. Huo ni wasiwasi, wala si hukumu ya walimu, kwani wao hawajanena neno.

Na amtazame Abdallah bin Umar, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yao. Mtume, sala na salamu zimshukie, aliwauliza masahaba ni mti gani usiopukutika majani, mfano wa Muislamu. Watu wakaifikiria miti ya jangwani. Ibn Umar moyoni alijua kuwa ni mtende, lakini akaona haya kusema, maana Abu Bakr na babake walikuwa kimya. Baadaye alipomweleza babake, Umar hakumficha kuwa angalifurahi mno lau angalijibu. Lakini hakumwita mjinga. (Wako wazee ambao neno lao la kwanza ni lawama.)

Na huyo huyo alirudishwa asiingie vita vya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra, kwa kuwa ana miaka 14. Akakubaliwa Khandaq akiwa na 15. Hadithi zilizopokewa kwake zapita 2,600.

Basi kijana na amwulize mwalimu wake mas'ala aliyoyakosa, asali rakaa mbili, alale. Barua ya skuli itakuja siku yake, na darasa ya alfajiri haiingoji.