Njaa Moja, Nyumba Mbili

Fungua nami 1 Wafalme 17 na 18. Mvua imekatika, njaa imeingia. Mjane wa Sarepta amebaki na unga wa kujaza kiganja na mafuta kidogo. Anaokota kuni apikie mwanawe mara ya mwisho. Mfalme Ahabu naye anatafuta nyasi ili farasi wake wasife. Njaa ni ile ile. Huyu anahesabu unga, yule anahesabu farasi.

Nilisomea biashara, kwa hivyo nivumilieni na hesabu kidogo. Oktoba 2022 mfumuko wa bei hapa Kenya ulifika asilimia 9.6. Huo ni wastani, na hakuna mtu anayekula wastani. Chukua nyumba inayopata shilingi 15,000 kwa mwezi, na chakula kinameza 9,000. Chakula kikipanda asilimia 10, watahitaji 900 zaidi. Nyumba ya 150,000 inayotumia 30,000 kwa chakula itaongeza 3,000. Ni pesa nyingi, kweli, lakini ni asilimia 2 ya mapato yao. Kwa ile ya kwanza ni asilimia 6. Hawa wataacha kula hotelini Jumapili. Wale watalaza watoto na chai ya rangi. Tena wananunua mafuta ya kupima, ambayo ukijumlisha hadi lita, mara nyingi ni ghali kuliko ya mtungi.

Acha niungame. Mwaka huo nilipendekeza kila nyumba itoe 1,000 ya viti vya kanisa, nikasema huo ndio usawa. Mama mmoja anayefulia watu nguo akaacha kuja ibada. Nilipomtembelea akaniambia, "Pasta, Mungu sijamwacha. Niliogopa ile karatasi ya majina." Nilikosa la kusema. Na 2 Wakorintho 8 nilikuwa nimeihubiri mwenyewe: mtu hutoa kulingana na alicho nacho. Karatasi tuliitoa ukutani.

Sasa mwambie jirani yako: hata anayekufulia ananunua unga! Wewe ukiongezwa mshahara, yeye ulimwongeza lini? Fundi akimaliza kazi Ijumaa, mlipe Ijumaa. Usimwombee mtu muujiza wa unga na pesa yake iko mfukoni mwako. Mungu atusaidie. Amina.