Gauni la Uturuki

Ndugu msomaji, kabla hujanihukumu, naomba ujue kwamba mimi sikuiba. Niliandika tu.

Mwaka 2023, baada ya kuzunguka na bahasha ya vyeti mpaka ikachanika, niliangukia Kariakoo kama mawinga wengine. Winga hana fremu wala mtaji. Ana simu na mdomo. Nasimama Mtaa wa Kongo, napiga picha gauni la tajiri, nalirusha mtandaoni na bei ya juu, mteja akituma pesa nakata changu. Tajiri akagundua kwamba nina mkono wa kuandika. "Dogo, wewe Kiswahili unakijua. Andika mzigo umetoka Uturuki."

Mzigo ulitoka Guangzhou. Maboksi nilishusha mwenyewe.

Kwa nini Uturuki? Kwa sababu wapo wafanyabiashara wa Kariakoo wanaopanda ndege kweli hadi Istanbul, wakazunguka Laleli kwenye maduka ya jumla, wakarudi na mabegi. Nguo zao ghali, nauli imo humo. Wateja wakazoea kwamba "ya Uturuki" maana yake haichuji. Basi neno likapata bei yake, mbali na nguo. Gauni tupu shilingi 30,000. Gauni na neno, 65,000. Ile 35,000 ya katikati ilikuwa inalipia sentensi yangu. Tajiri alichukua 25,000, mimi 10,000. (Hakuna jarida lililowahi kunilipa hivyo, hili likiwemo.)

Mshikaji wangu anauza mtumba Mchikichini. Siku moja nilimkuta anafungua belo lililotoka Ujerumani. Akavuta koti, akanigeuzia lebo ya ndani: limeshonwa Uturuki. Si ajabu, Wajerumani ni wanunuzi wakubwa wa nguo za Waturuki. Mwenyewe akilichoka analitumbukiza kwenye sanduku la nguo kuukuu, linachambuliwa, linafungwa belo, linauzwa tena, linashuka bandarini kwetu. Pale chini lilikuwa la 7,000. Mshikaji akacheka: "Mturuki halisi huyu hapa, analala kwenye turubai. Wako wa kioo katoka wapi?"

Nikajitetea. Kariakoo, nikasema, kila mtu anajua. Muuzaji anaapa kwamba hapo hapati hata mia, mnunuzi anaapa kwamba hana zaidi ya nauli, na wote wawili wanajua wanadanganyana. Uongo unaojulikana na pande zote bado ni uongo? Kwa muda mrefu jibu langu lilikuwa hapana, na bado nadhani halikuwa jibu la kijinga. Mtu aliyesimama dukani ana silaha zake. Anavuta kitambaa, anakinusa, anakiangalia juani, anaaga na kuondoka huku akisubiri kuitwa. Maneno yangu kwake ni kelele za mtaani.

Lakini yule mama wa Tunduma hakuwa na kitambaa mkononi. Alikuwa na picha na sentensi yangu, basi. Alinunua gauni la sendofu ya binti yake, likafuliwa mara moja, rangi ikabaki kwenye beseni. Akapiga simu. Nilijiandaa kwa matusi, kumbe hakuwa nayo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mimi niliamini yale maandishi."

Hakusema aliamini duka, wala picha. Sisi tunaotaka kuitwa waandishi tunalala tukiota siku moja mtu tusiyemfahamu, mbali huko, aamini tulichoandika. Mimi nimempata. Ndiye huyo.

Mtasema kosa ni la tajiri. Alinituma, ni kweli, na kodi ya chumba changu haikungoja falsafa. Ila tajiri hajui kuandika "kitambaa kizito kinachoanguka vizuri mwilini". Hayo ni yangu, niliyatafuta kama nusu saa, na nilipoyapata nilifurahi.

Wiki tatu baadaye nilimtumia 35,000 yote, pamoja na ile ambayo sikuila. Nikamwandikia: "Mama, gauni ni la China. Nisamehe."

Akajibu jioni: "Zimefika mwanangu. Hata hili nililovaa ni la China na halijachuja. Si ungesema tu, ningekuuliza lipi zuri."