Asilimia 31

Chumba chetu cha hosteli kina soketi mbili, na moja ilikufa kabla hatujahamia. Iliyobaki tunagombea mimi na mwenzangu, wote mwaka wa pili wa uzamili. Yeye haoni. Nalitaja hilo mapema kwa sababu kisa kinasimama hapo, ingawa mwenyewe angependa lije mwishoni.

Usiku mmoja umeme ulirudi saa nne, baada ya kukatika mchana kutwa. Akachomeka simu yake, akaenda kuoga. Laptopu yangu ilikuwa imezima, na nilikuwa na andiko la kuwasilisha kabla ya saa sita. Nikaichukua simu yake, nikabonyeza kitufe cha pembeni. Kioo kikabaki cheusi ti. Simu ikatamka kitu kwa kasi, kama konda anayetaja vituo vyote kwa pumzi moja. Sikuambulia neno. Nikajiambia imejaa, nikachomoa chaja ukutani na kuiacha waya ndani ya simu. Aliporudi aliipapasa, akakuta waya upo, akalala.

Baadaye ndipo nilipojua kwamba kioo anakificha makusudi. Programu za kusoma skrini zina mpangilio huo: simu inafanya kazi zote bila kioo kuwaka. Jirani yako kwenye daladala hasomi meseji zako, na chaji hailiwi na mwanga usio na kazi nao. Sauti nayo ameiongeza kasi, maana aliyezoea kusoma kwa masikio hana subira ya silabi. Kumbe simu niliyoichomoa ilikuwa imenijibu. Ni mimi niliyekuwa sijui kusikia.

Asubuhi ilimwambia 31. Akaulaumu waya. Akachukua pawabanki, na hapa nasikitika kwa niaba ya aliyeibuni: inaonyesha chaji kwa vitaa vinne vidogo, haina mlio wala mtetemo. Ikiwa tupu au imejaa, uzito ni uleule mkononi. Ilikuwa tupu. Ningeweza kumwambia kwa kutupa jicho tu, lakini nilikuwa nakoroma.

Alipanda gari la Bunju kwenda kwa shangazi yake Tegeta. Huko njiani simu ndiyo inayomtajia alipofika, na ilizima maeneo ya Africana. Konda hakutaja Kibaoni. Akashukia Bunju, mwisho wa gari, na namba ya shangazi ikiwa ndani ya simu iliyokufa. Alirudi hosteli saa tatu usiku, akanisimulia huku akicheka. Kesho yake akanunua waya mpya wa shilingi 10,000.

Nilinyamaza wiki mbili.

Kwenye semina zetu tunamsoma Amartya Sen, ambaye katika mhadhara wake wa 1979 pale Stanford aliuliza: tukisema watu wawe sawa, sawa katika nini? Ukiwapa watu wawili kitu kilekile, hawakigeuzi kuwa uwezo uleule. Niliwahi kuandika kurasa kumi na mbili juu ya hoja hiyo na nikapata alama nzuri. Asilimia 31 kwangu ni mpira wa jioni na soga. Kwake ni kituo cha kushukia, ni kujua noti aliyorudishiwa chenji, ni makala ya kesho. Nilikuwa nimeyasoma yote hayo.

Baba yake humshauri arudie kitochi, kinachokaa na chaji siku nyingi. Ni kweli, lakini kitochi chenyewe hakisemi. Akitaka kutuma pesa atamnong'oneza wakala namba ya siri na kuomba Mungu. Kwa hiyo anachagua simu inayokufa jioni, kwa kuwa walau mpaka hiyo jioni siri zake ni zake. Watu husema anategemea simu kupita kiasi. Sijui kwa nini kumtegemea wakala kunaonekana ni unyenyekevu zaidi.

Nilipomwambia ukweli nilikuja na pendekezo nililoliona la haki: kuanzia leo, simu yako kwanza, siku zote. Nilidhani nimelipa.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Siku una mtihani utachomoa laptopu huku unanichukia. Halafu mimi nitakuwa mgeni kwenye chumba ninachokilipia."

"Sasa unataka nini?"

"Ukichomoa, sema. Basi. Nitabishana na wewe kama mtu yeyote."

Hilo liliniuma kuliko kama angenitukana. Nilikuwa tayari kumpa haki kubwa kuliko yangu, ila si ile ndogo ya kuulizwa. Bado naona hoja yangu ina uzito, na kwenye ubao ningeitetea: hitaji lake ni kubwa zaidi, na tabia njema ya mwenzako wa chumbani si sheria ya kuegemea. Lakini chumba hicho ni chake pia, na yeye ndiye aliyeshushwa Bunju.

Nikampa hela ya waya. Akaishika ile noti, akaikunja, akaikunjua. Simu yake ikatamka kitu, na safari hii akanitafsiria: asilimia nne.

"Niikague kwa kamera," akauliza, "au nikuamini?"

Nikamwambia aikague.